Zabibu Zangu na Mvua Yao

Jumamosi, 1 Oktoba

Asubuhi nimemkuta mama yangu akipanda mahindi kwenye vumbi. Vumbi kabisa, la kupiga chafya. Anachimba shimo, anadondosha mbegu, anafukia kwa kisigino, anasonga mbele. Misimu minne mvua imetudanganya hapa Kalama na bado kila Oktoba anaipa ardhi mbegu kabla haijaomba.

"Mwaitu, si ungoje hata wingu moja?" nikamwambia.

"Wingu haijui kupanda," akajibu bila kuinua mgongo. "Ikuje ikute nimemaliza."

Mimi shughuli yangu iko juu, kwenye matuta aliyoyaacha marehemu baba, na huko hakuna mahindi. Kuna mizabibu. Zabibu zimeanza kugeuka rangi wiki hii, kijani kinaingia wekundu, wekundu unaingia weusi, na mimi tangu zianze siwezi kukaa kitako. Nakunywa chai nimesimama. Ndiyo maana nimenunua daftari hili, angalau mkono mmoja utulie.

Ngoja niandike jambo lenyewe wazi, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisuta. Nilifanya kazi ya hoteli miaka mitano kwenye milima ya Alpi, upande wa Italia. Siku za mapumziko nilikuwa natembea njia za mashamba ya mizabibu, njia nyembamba zinazopita juu ya kuta za mawe, na mlima mzima umekatwa matuta kama huu wa kwetu. Msimu wa mavuno watu wa mjini hupanda huko kwa miguu kutoka boma hadi boma. Kila mwenye shamba anaweka meza nje, anamimina divai mpya ambayo bado inachemka chemka, na kando yake njugu kubwa za kuchoma. Mara ya kwanza nilipoketi kwenye benchi la mama mmoja wa huko, nikaonja divai yake nikitazama matuta yake, nilimkumbuka baba mpaka nikalia. Nikasema, hiki kitu kwetu kinawezekana.

Sasa kimewezekana, karibu. Jumamosi ya tarehe tano Novemba kundi la kwanza la wapenda matembezi linakuja kutoka Nairobi. Watapanda mlima, watatembea kwenye matuta, watachuma zabibu kwa mikono yao, wataonja.

Tatizo ni moja. Hapa kwetu ukipogoa mzabibu, unavuna baada ya miezi minne na kitu. Ningepogoa Mei, sasa hivi ningekuwa navuna, mvua ikija inikute nimefunga mlango. Lakini wageni walitaka Novemba, na mimi nikajisemea mvua itakosa tena kama ilivyozoea. Nikapogoa Juni. Zabibu iliyoiva ikinyeshewa hupasuka ngozi, ukungu ukaingia, basi.

Yaani nimeweka dau langu kwenye ukame. Kalama nzima inatazama juu ikitaka mvua, na mimi natazama juu nikitaka isije. Si mbali. Mpaka tarehe sita tu.

Jumapili, 2 Oktoba

Mkutano wa jumuiya baada ya misa. Musyoka, jirani yangu wa chini na mwenyekiti wetu, ametangaza kwamba mwezi huu wote tutatembea boma hadi boma tukiombea mvua. Mwenye boma ndiye atakayetamka ombi, wengine tunaitikia.

Musyoka ananichosha. Anakohoa kabla ya kila sentensi na baada yake. Na anaposali humwelekeza Mungu kama anamwelekeza mgeni: upite kanisani, ushuke kwa duka, shamba la pili mkono wa kulia, hapo kwenye ng'ombe wawili wekundu.

Boma langu limepangwa la mwisho, Jumapili ya tarehe thelathini. Nilitafuta sababu ya kukataa, nikaikosa.

Jumanne, 4 Oktoba

Ndege. Nimeshinda nikishona nyavu wasizidonoe zabibu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimetembea njia yote na Faiza. Yeye ndiye mwenzangu katika jambo hili. Alizaliwa mjini Machakos, baba yake Mzee Ramzi anauza vitambaa, na Faiza alichoka kupima vitambaa akaanza kutembeza watu milimani. Kilevi hakigusi, wala hataki kukiona kwenye gari lake.

"Mimi nawafikisha mlangoni," huwa anasema. "Ya ndani ni yako na Mola wako."

Tulianzia barabarani, tukapanda kwa njia ya mbuzi mpaka kwenye mawe, kisha tukazunguka juu ya matuta. Amepaka mawe rangi ya bluu iliyobaki dukani kwao, kila kona ya njia jiwe moja, maana nilimwambia kule Alpi mtu hawezi kupotea hata akitaka. Kule juu tulisimama tukatazama. Ukiangalia upande wa mji unaona mabati yanang'aa. Ukiangalia upande wa pili ni wekundu tu, shamba baada ya shamba, yote yamelimwa yanangoja. Chini yetu kina mama walikuwa wanafuatana na punda kwenda kisimani, vumbi limewafunika mpaka magotini.

"Na mvua ikija kabla ya wageni?" Faiza akauliza.

"Haiji."

"Astaghfirullah! Mwelu, usiseme hivyo kwa sauti."

"Nimesema haiji, sijasema isije."

Akanitazama kwa jicho la kumjua mtu. "Haya. Mvumilivu hula mbivu," akasema, akaendelea kushuka akicheka. Mimi sikucheka. Miguu ilinipeleka mbio mpaka nyumbani na hakukuwa na chochote kinachoningoja.

Jumapili, 9 Oktoba

Maombi kwa mama Mwendwa. Wote waliitikia "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mimi nilichezesha midomo.

Jumatano, 12 Oktoba

Jua kali. Sukari ndani ya zabibu inapanda vizuri. Nimekipiga busu kile kipimo changu cha sukari, halafu nikaona aibu, maana mwaitu alikuwa anapita na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo kwenda kuwapa kuku.

Ijumaa, 14 Oktoba

Musyoka amekuja. Nilikuwa napunguza majani yanayofunika vishada ili jua lipenye, na nimeyarundika chini. Alisimama nje ya ua akakohoa.

"Habari ya kazi, Mwelu."

"Nzuri, mwenyekiti. Karibu."

"Si ya kukaa." Akakohoa tena. "Hizo majani unatupa ama uko na kazi nazo?"

"Natupa."

"Kama unatupa, nipee. Ng'ombe zangu hazina kitu. Nimekata hadi matawi ya miti sasa."

Nikamwambia achukue yote. Alijaza gunia, akalikanyaga kwa mguu, akajaza tena. Nilidhani atasema kitu juu ya tangi langu, maana kila mtu anasema: Mwelu ananywesha miti ya Wazungu maji ilhali mifugo inakufa. Maji yenyewe ni ya paa langu, niliyakinga Aprili, na yanakwenda kwa mzabibu tone kwa tone. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, majibu yote nimeyapanga. Hakusema neno. Alipofika kwenye njia aligeuka akasema, "Zimependeza." Alikuwa anazungumzia zabibu. Nikabaki na majibu yangu.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimepeleka magunia mawili zaidi kwa Musyoka. Sikutaka aje tena.

Jumatatu, 17 Oktoba

Posho mill leo maneno yameniingia sikioni. Nimesimama kwenye foleni na debe langu, wanawake wawili wa upande wa kanisa la chini wako mbele, hawakuniona.

"Wanasema ni hiyo mizabibu yake imefunga mbua."

"Miti ifunge mvua aje?"

"Si miti. Ni mwenye miti. Mtu akiwa hataki mvua, na ako na sababu, unafikiri haitasikia?"

Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kuwavuta lesso niwaambie mimi ni mtu wa sakramenti, si mchawi. Lakini jambo lililonifunga mdomo ni kwamba nusu ya maneno yao ni kweli. Sitaki mvua, na niko na sababu. Nikarudi nyumbani na mahindi yangu hayajasagwa.

Alhamisi, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Moto. Hata mbwa hawabweki.

Jumapili, 23 Oktoba

Zamu ya boma la Musyoka. Nimekwenda nikiwa tayari kwa hotuba ndefu ya kumwonyesha Mungu njia.

Ng'ombe mmoja alikuwa amelala nyuma ya jikoni, hawezi kuinuka, wamemwegemeza kwa magunia ili asianguke ubavu. Majani ya mizabibu yangu yalikuwa mbele ya pua yake, hajayagusa. Musyoka alisimama kutamka ombi, akafungua mdomo, akasema, "Ee Mungu, unaona." Akaketi. Hakukohoa. Hatukujua kama amemaliza, mpaka mama yangu akaanzisha kiitikio.

Leo kwa mara ya kwanza niliitikia kwa sauti. Nilipofika nyumbani nikapima sukari, nikaona bado kidogo, nikaanza tena kuhesabu siku. Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumatano, 26 Oktoba

Yule ng'ombe alikufa jana. Upepo umegeuka, unatoka mashariki. Nimeingia na kutoka nyumbani mpaka mwaitu akaniambia nichague upande mmoja wa mlango.

Nimekumbuka kule milimani, mavuno yakikaribia na wingu jeusi likitokea, walikuwa wanagonga kengele ya kanisa kulifukuza lisiangushe mvua ya mawe. Nilikuwa nawasaidia kuvuta kamba. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa na zabibu. Hapa mwenye zabibu ni mimi peke yangu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini kule walikuwa wanavuta wote upande mmoja.

Jumapili, 30 Oktoba

Wamekuja. Wamejaa bandani, lile banda nililowajengea wageni, meza ndefu mpya na mabenchi yake. Mama Mwendwa alipapasa mbao akasema, "Hii ni ya harusi?" Mama yangu alikaa mbele kabisa, rozari mkononi, ananitazama.

Nilikuwa nimeandika ombi kwenye karatasi tangu Ijumaa. Nimeliandika, nimelifuta, nimeliandika. Nilitaka liwe ombi ambalo naweza kulisema bila kudanganya. Nikasimama.

"Ee Mungu mwema," nikaanza, "unajua haja za kila mmoja wetu. Tunakuomba utuletee mvua, kwa wakati ulio mwema."

Walitakiwa kuitikia. Kiitikio kilitoka kimoja kimoja, kama watu wanaoshuka ngazi gizani.

Musyoka akakohoa. "Mwelu. Hebu rudia hapo kwa wakati."

"Kwa wakati wake Mungu," nikasema. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Mungu ako na wakati mingi," Musyoka akasema, taratibu, bila hasira yoyote. "Sisi ndio hatuna. Sema tu mvua."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo. Watu wote bandani walikuwa wananiangalia, na juu ya vichwa vyao niliona matuta yangu, vishada vyeusi vimening'inia ndani ya nyavu, vizuri kuliko nilivyowahi kuviona. Nikasema, "Tuletee mvua."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie!" Safari hii walipaaza sauti mpaka kuku wakatawanyika.

Walipoondoka mwaitu hakuondoka. Alikunja leso ya meza, akaikunja tena.

"Umemwambia Mungu angoje."

"Sijasema hivyo, mwaitu."

"Nimekuzaa. Nakujua ukiomba na nakujua ukidanganya." Hakupandisha sauti, na hilo lilinichoma zaidi. "Mahindi yangu iko chini ya udongo mwezi mzima, mchwa inakula. Ndengu yangu iko kwa kibuyu inangoja udongo ilowe. Mwaka jana tulikula mahindi ya serikali. Na wewe, mwiitu wakwa, binti yangu, unaombea matunda ya kulewesha watu wa Nairobi."

"Si kulewesha! Ni kazi, mwaitu, ni kazi kama nyingine. Siku saba tu. Nilikuwa naomba siku saba!"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, akashuka kwenda kwake.

Nilivunja kikombe. Si kwa bahati mbaya. Nilikitupa ukutani, halafu nikaokota vipande nikilia kwa hasira, na sijui hasira yenyewe nilikuwa namkasirikia nani. Mbona kila mtu hapa anaruhusiwa kutaka chake isipokuwa mimi? Lakini nikifikiria chake ni chakula na changu ni divai, hasira inakosa pa kusimama.

Jumatatu, 31 Oktoba

Mwaitu hanisemeshi. Nimempelekea maziwa, amesema asante kwa mlango.

Jumatano, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Tumekwenda kwenye kaburi la baba, kila mtu na upande wake. Mawingu ya kweli leo, mazito, yamekaa juu ya vilima vya upande wa mashariki hayasogei. Watu njiani wanasalimiana kwa kuyaonyesha kidole. Sukari imebaki kidogo sana ifike. Siku tatu za jua zingetosha.

Alhamisi, 3 Novemba

Manyunyu saa tisa alasiri. Ya kulowesha vumbi tu, lakini harufu yake ilinitoa mbio jikoni. Bonde lote lilipiga vigelegele. Mimi nilipanda matutani nikaanza kugusa vishada kimoja kimoja, kuvikung'uta maji, kazi ya mwendawazimu.

Nikampigia Faiza. "Nichume kesho ama ningoje?"

"Wageni wanakuja kwa ajili ya kuchuma wenyewe, Mwelu. Hilo ndilo tulilowaahidi. Ukichuma kesho, Jumamosi nitawaonyesha nini, majani?"

"Na ikinyesha kesho?"

"Shamba ni lako. Mimi sikuambii fanya hivi wala vile. Ila ukinipigia kesho usiku unalia, nitakuja kulia nawe, sitakuuliza kitu."

Nimeamua kuchuma. Zitakuwa chachu kidogo, potelea mbali. Tatizo ni mikono. Matuta matano, na hakuna mtu wa kumwomba. Jioni hii kila boma linanoa jembe, na mimi ndiye niliyeomba mvua isubiri.

Ijumaa, 4 Novemba

Nilianza kulipopambazuka. Mkasi, ndoo, mkasi, ndoo. Kichala cha zabibu hakitaki haraka, unakishika kwa chini, unakata, unakilaza. Kufikia saa nne nilikuwa bado kwenye tuta la kwanza na mgongo umegoma. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mawe ya Faiza. Chini kote niliwaona watu wako mashambani wanapanda ndengu na kunde kwenye ule unyevu wa jana, wanakimbizana na mvua kama mimi, ila wao wanakimbia kuipokea.

Nikaona mtu anapanda njia na kiondo kichwani. Nilimjua kwa mwendo.

Mwaitu alifika, akavua viatu, akatua kiondo. Hakunisalimia. Alichukua kisu chake cha mboga akaanza mstari wa pili.

"Mwaitu, na ndengu?"

"Iko kwa kibuyu."

"Wenzako wote wanapanda leo."

"Naona. Macho niko nayo." Akakata kichala, akakiangalia, akakiweka. "Shika kazi. Mdomo haichumi."

Tulifanya kazi hivyo, yeye mstari wake na mimi wangu. Mara mbili nilitaka kumwambia ashuke akapande, na mara zote mbili sikusema, kwa kuwa nilimhitaji. Naliandika hili kama lilivyo. Mama yangu aliacha chakula chake cha mwaka akaja kuokoa zabibu zangu, nami nikamwacha afanye.

Tulimaliza tuta la kwanza tukaingia la pili. Saa kumi na nusu mvua ikaja. Haikuanza na matone. Ilikuja nzima, ukuta mweupe kutoka mlimani, na kelele yake kwenye mabati ya banda ilizima sauti zetu. Tulibeba ndoo za mwisho tukiteleza. Kisha tukasimama bandani tumelowa, tukatazama matuta matatu na nusu yaliyobaki yakipigwa. Ungeweza kuona vishada vinatikisika.

Nilimtazama mwaitu nikitegemea kumwona amefurahi. Mvua yake hiyo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa amenishika mkono wa nguo kwa nguvu.

"Pole," akasema. "Pole, mama."

Jumamosi, 5 Novemba

Haikukatika mpaka alfajiri. Zabibu zilizobaki zimepasuka, zote, zinatiririka. Ukiwahi siku hiyo hiyo unaweza kuokoa kiasi. Kesho yake zinaanza kuoza.

Saa mbili Faiza akapiga simu. Wageni walifika Kyumbi, wakauliza hali ya barabara ya Kalama, wakaambiwa tope limefika magotini, wakageuza gari wakaenda Lukenya kupanda miamba. Walisema watakuja mwakani, wakijaliwa. Nilikaa chini kwenye tope.

Nikainuka, kwa kuwa kukaa siwezi hata nikifiwa. Mbele yangu kulikuwa na njia mbili. Ya juu inakwenda kwenye zabibu zilizopasuka, ambazo bado ningeokoa ndoo kumi, pengine kumi na tano. Ya chini inakwenda shambani kwa mwaitu, udongo umelowa vizuri, na ndengu haipendi kungoja. Nilisimama hapo kwa muda ambao sitausema. Halafu nikachukua jembe nikashuka.

Nilimkuta ameshaanza, mistari yake imenyooka kama kawaida. Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Umepotea njia?"

"Nipe mbegu, mwaitu."

Akanipa. Saa tano hivi Faiza akatokea kwa boda, buibui imekunjwa kiunoni, gumbuti za baba yake miguuni, na sufuria ya pilau ya wageni imefungwa kwa mpira nyuma. "Nimepika kilo sita," akasema. "Mtu wa kula simwoni, kwa hiyo nipeni jembe." Alipanda vibaya, mbegu zikawa juu juu, mwaitu akawa anamfuata nyuma akizifukia upya huku akimsifu. Pilau tulikula na mikono ya udongo, na ikabaki ya kupelekea majirani wa pande zote. Jua lilipotoka nilisikia nyigu wanavuma huko juu kwenye matuta. Sikugeuka. Niliumia, lakini sikugeuka.

Jumanne, 8 Novemba

Ukungu umemaliza kazi. Nimekata vishada vilivyooza nikavizika. Zile za Ijumaa zinachemka ndani ya pipa, nasikia zinavyosema.

Ijumaa, 11 Novemba

Ndengu imetoka. Mwaitu amenituma niende nikaione, kisha akanifuata kuhakikisha nimeiona.

Jumapili, 13 Novemba

Leo ilikuwa shukrani. Jumuiya ilitembea tena boma hadi boma, safari hii tukiimba, na kila boma lilitoa kitu: kwa mama Mwendwa uji, kwa mwingine viazi vya kuchoma, kwa Musyoka chai ya maziwa ya yule ng'ombe aliyebaki. Mashamba pande zote mbili za njia yalikuwa na rangi ya kijani changa ambayo nilikuwa nimesahau. Tulifika kwangu mwisho. Nilikuwa nimeweka meza, nimechota jagi la divai mpya kutoka pipani, bado ina povu na utando, pamoja na mahindi ya kukaanga.

Musyoka akasimama, akakohoa, akasema tumshukuru Mungu hasa kwa sababu ni baada ya maombi ya boma hili ndipo mbingu zilifunguka. Watu wakasema amina. Mama Mwendwa akanipiga bega. Nikaona siwezi. Singeweza kuikalia sifa hiyo hata dakika moja.

"Mimi sikuomba," nikasema. "Mdomo ulisema mvua, moyo ulisema isije mpaka Jumapili. Tangu Oktoba nilikuwa hivyo. Nilizitaka zabibu zangu kuliko mahindi yenu. Msinishukuru."

Mwaitu akaanza kucheka, akajificha ndani ya lesso yake, mabega yanatikisika, na watu wengine wakafuata. Hata Musyoka alikuwa anacheka.

"Asi, Mwelu! Unafikiri hatuna macho?" akasema. "Kwa nini tulikuweka wa mwisho? Tuliongea, tukasema, tukianza na huyu atatuvunja roho mapema. Wacha tuombe sisi kwanza, tukusanye nguvu, halafu tumwendee yeye. Wewe ndio ulikuwa kazi ngumu."

"Na mbona mkanifanya nitamke?"

"Tulitaka usikie vile inaumana kusema." Akaketi, akavuta kikombe. "Sasa mimina hiyo kitu tuone ni nini ilikuwa inashindana na mvua yetu."

Nikamimina. Alikunywa funda moja, akaliweka mdomoni muda mrefu. Nilikuwa namwangalia koo. Sijawahi kumngoja mtu hivyo, hata kule Alpi sikuwahi.

"Ni chachu," akasema.

"Nilivuna kabla haijaiva vizuri."

"Na ni kwa ajili ya hii ulitaka sisi tulale njaa?"

Hakuna aliyecheka sasa. Ng'ombe wake alikufa ile wiki niliyokuwa nahesabu siku, na wote pale mezani walilijua hilo.

"Ndiyo," nikasema. "Ni kwa ajili ya hiyo."

Musyoka aliangalia ndani ya kikombe, akanywa yote mpaka machicha, akajifuta mdomo kwa mkono. Kisha akaninyooshea kikombe nikijaze tena. Nikakijaza mpaka ukingoni, na divai nyingine ikamwagika mezani.